Huyu Konabeki Anakua au Amekwama?

Msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani ukishafika Oktoba, swali ni lile lile. Linaulizwa na mashabiki wanaozungumza Kiswahili walioanza kuufuata mchezo huu baada ya kuhamia Columbus, Dallas au Minneapolis, na linaulizwa na wazazi ambao vijana wao wamechagua helmeti badala ya soka: "Konabeki wetu wa mwaka wa kwanza ameachwa mara mbili Jumamosi, tachidauni zote mbili zimepita kwake. Hafai, au tumpe muda?"

Jumamosi moja haikwambii kitu. Lakini na hilo la "mpeni muda" nalo ni jibu la uvivu, kwa sababu wapo vijana wanaopewa misimu mitatu na wakatoka kama walivyoingia. Kukua kwa konabeki kuna dalili zake, na nyingi huonekana kwa mtu wa kawaida mwenye daftari na subira. Shida ni kwamba hazionekani pale ambapo wengi wetu tumezoea kutazama, yaani pale mpira ulipo.

Kazi yenyewe, kwa ufupi

Konabeki ni beki wa pembeni. Anamkaba mpokeaji, yule mkimbiaji anayesubiri pasi za kwotabeki. Mpokeaji anajua anakokwenda. Konabeki hajui, na mara nyingi anaanza kwa kukimbia kinyumenyume. Mtu wa mstari wa mbele akikosea, wapo wenzake nyuma wa kulifukia kosa. Konabeki akikosea, nyuma yake ni nyasi tupu, na uwanja mzima unamwona.

Kabla hujamhukumu, shika mambo matatu ya vyuoni yasiyofanana na NFL, ligi ya kulipwa:

- Upande anaocheza. Uwanja una upana wa futi 160. Vyuoni, alama ambazo mpira huwekwa ziko futi 60 kutoka kila mstari wa pembeni. Shambulizi likianzia kwenye alama moja, upande mmoja unabaki na futi 60 na wa pili futi 100. Konabeki wa upande mpana ana eneo kubwa la kulinda. Wa upande mwembamba hupewa mara nyingi kazi ya kubana na kuangusha wakimbiaji. Kuwalinganisha bila kujua nani yuko wapi ni kuwaonea wote wawili.
- Adhabu ya kumzuia mpokeaji. Vyuoni haizidi yadi 15. NFL mpira hupelekwa pale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 40. Kwa hiyo kijana wa chuo aliyeachwa kabisa, akamshika mpokeaji makusudi, huenda amepiga hesabu nzuri: yadi 15 ni nafuu kuliko tachidauni. Si kila kitambaa cha njano cha mwamuzi ni aibu.
- Mguu mmoja. Mpokeaji wa chuo akidaka pasi na mguu mmoja tu ndani ya mstari, imehesabiwa. NFL wanadai miwili. Ukiona pasi imeingia pembeni kabisa huku konabeki amemganda mtu wake, sifu pasi na usonge mbele.

Achana kwanza na pasi alizonasa

Kumpima kwa pasi alizonasa ndilo kosa kubwa kuliko yote. Pasi zilizonaswa ndizo zinazopigiwa kelele uwanjani, na ndizo zinazodanganya.

Konabeki Derek Stingley Jr. alinasa pasi 6 mwaka 2019, msimu wake wa kwanza kabisa katika chuo cha LSU. Timu ikamaliza 15–0 na ubingwa wa taifa. Msimu wa 2020 hakunasa hata moja. Msimu wa 2021 akacheza mechi 3, jeraha la mguu likamtoa, akafanyiwa upasuaji. Huko nako sifuri. Ukizipanga namba hizo kwenye karatasi unamwona kijana aliyeporomoka na hakuinuka. Houston Texans hawakumwona hivyo. Walimchukua wa 3 katika uteuzi wa NFL wa 2022, na mwaka 2024 akatajwa kwenye kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani miongoni mwa wachezaji bora wa NFL.

Tazama kilichomzunguka. Katika misimu hiyo mitatu alifanya kazi chini ya waratibu watatu tofauti wa ulinzi: Dave Aranda, kisha Bo Pelini, kisha Daronte Jones. Kila mmoja na lugha yake, kila mmoja na namna yake ya kupanga mabeki. Mwaka wa kwanza, mazoezini, alikuwa na wapokeaji Ja'Marr Chase na Justin Jefferson upande wa pili. Ukishamkaba Chase Jumanne na Jefferson Jumatano, mpokeaji wa Jumamosi anakuwa nafuu. Mwaka uliofuata wote wawili hawakuwa uwanjani. Na kwotabeki gani mwenye akili, baada ya kuona zile pasi 6, angeendelea kurusha upande wake kama kipofu?

Mfano wa kinyume ni Trevon Diggs, aliyesoma Alabama. Mwaka 2021, akiwa na Dallas Cowboys, alinasa pasi 11 na kuongoza NFL. Msimu huo huo aliachia yadi nyingi mno, na ubishi kama ni beki bora au mcheza kamari haukuisha. Mimi niko upande wa wanaosema alikuwa vyote viwili.

Kama bado una shaka, mchukue Patrick Surtain II. Misimu mitatu Alabama, pasi 4 tu alizonasa. Mwaka 2020 alinasa 1, na bado akachaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao, SEC. Mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa NFL nzima.

Ili pasi inaswe, kwotabeki lazima akosee, au wenzake wa mbele wambane arushe ovyo, na konabeki awe karibu. Hilo la mwisho tu ndilo lililo mikononi mwa kijana wako. Ukitaka namba ya kuanzia, angalia pasi alizozipangua. Huwezi kuipangua pasi ukiwa mbali nayo.

Namna ya kumtazama, hatua kwa hatua

Kamera ya televisheni inafuata mpira. Konabeki akikimbia yadi 20 kumfuata mtu wake, ameshatoka kwenye picha, na unamrudia pale tu pasi inapotua. Ndiyo maana tunaona maafa yake na hatuoni kazi yake. Ukiweza kwenda uwanjani, kaa juu, nyuma ya goli. Tiketi za huko kwa kawaida ni za bei ya chini na ndiko mabeki wanaonekana vizuri. Ukiwa nyumbani, tumia marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya uwanja, na usimamishe picha.

1. Chagua mtu mmoja na robo moja ya mechi. Usiutazame mpira kabisa. Dakika tano za mwanzo utachoka na kutamani kujua kwotabeki amefanya nini. Vumilia.

2. Anza na miguu. Anaporudi kinyumenyume, kiuno kiko chini au anasimama wima kadiri anavyorudi? Anayesimama wima atachelewa kugeuka. Mpokeaji anapokata kona, je, kijana anakanyaga mara moja na kumrukia, au anapiga vihatua vitatu vya kujitafuta? Vihatua hivyo ndivyo vinavyozaa pasi ya yadi 12 ambayo mtangazaji anaiita "pasi nzuri".

3. Mikono, anapombana mtu kwenye mstari wa kuanzia. Kijana mbichi hurusha mikono yote miwili kwa nguvu, mwili unamfuata mbele, mpokeaji anakwepa na kumwacha kwenye mataa. Aliyekomaa hutanguliza miguu, kisha mkono mmoja.

4. Macho. Hapa ndipo vijana wengi huzama. Akikaba mtu kwa mtu, macho yake yawe kiunoni mwa mpokeaji, kwa sababu kiuno hakidanganyi kama kichwa na mabega. Akilinda eneo, macho yaende kwa kwotabeki. Ukimwona anakaba mtu kwa mtu huku anamchungulia kwotabeki, huyo anakaba kwa macho, na ataachwa tu. Andika ni mara ngapi.

5. Pasi ikiwa hewani. Je, anageuza kichwa kuitafuta, au anapiga mikono hewani kwa hofu huku amempa mpira mgongo? Wengi huwa na mbio za kumfikia mpokeaji, wanakosa utulivu wa sekunde ya mwisho. Utulivu huo huja polepole kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo usiudai mwaka wa kwanza.

6. Shambulizi linalofuata. Hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Akishafungwa tachidauni, shambulizi lijalo anasimama wapi? Akirudi nyuma yadi tatu zaidi bila kocha kumwambia, hofu imemwingia, na wapinzani watamla kwa pasi fupi mpaka mechi iishe. Akisimama pale pale aliposimama mwanzo, una mchezaji.

Kwenye daftari, kwa kila shambulizi la pasi, mwandikie alama moja kati ya tatu, *bila kujali mpira ulirushwa wapi*:

- G – alimganda mtu wake
- K – alikuwa karibu, angeweza kubishana
- A – aliachwa

Mechi moja itakupa alama 30 au zaidi. Mechi nne ukizilinganisha, mwanzo wa msimu na mwisho wake, utajua jambo ambalo mashabiki wengi wa timu hiyo hawalijui. Kijana aliyefungwa tachidauni mbili anaweza kuwa na G nyingi na A mbili tu, na zote mbili zikaonekana. Mwenzake aliyesifiwa anaweza kuwa na A tisa ambazo kwotabeki hakuziona.

Kabla hujamtupia lawama

"Lakini nimeona kwa macho yangu mpokeaji amempita na hakuna mtu!" Huenda ndivyo alivyoagizwa.

Kuna mipango ya ulinzi ambayo konabeki hulinda eneo fupi, na mpokeaji akipita kwenda mbali anakabidhiwa kwa sefti, beki wa nyuma kabisa. Sefti akichelewa, kwenye televisheni aliye karibu na aibu ni konabeki. Ishara za kukusaidia:

- Konabeki aliacha kukimbia kwa utulivu na kugeukia eneo la mbele yake, bila kuparamia? Huenda alikuwa ameshakabidhi.
- Baada ya shambulizi, nani anajipiga kifuani au kuinua mkono kukiri kosa? Nani anamtazama nani?
- Sefti alikuwa anakimbia kutoka katikati kwa kasi ya mtu aliyechelewa?
- Kwotabeki alikaa na mpira muda gani? Akipewa sekunde tano bila kuguswa, hakuna konabeki duniani atakayemganda mpokeaji. Lawama ziende mbele.

Ukiwa huna hakika, acha nafasi wazi kwenye daftari. Ni afadhali kuliko kujaza uongo.

Nini cha kutarajia, mwaka kwa mwaka

Usichukue hii kama ratiba ya treni.

*Mwaka wa kwanza.* Mwili bado wa sekondari, na anakutana na wapokeaji wa miaka 22 walioshinda gimu miaka minne. Mtafute kwanza kwenye vikosi vya mateke: makocha huwatuma huko wale wanaoanza kuwaamini. Akiingia ulinzini, utaona makosa ya macho na ya mpangilio, yaani kusimama mahali pasipo pake. Hayo husameheka. Usichomsamehe ni kukwepa kuangusha watu. Kijana anayemkimbia mkimbiaji mwenye mpira mwaka wa kwanza, kwa nilivyoona, huendelea hivyo.

*Mwaka wa pili.* Huu ndio mwaka wa kuamulia. Amefanya mazoezi ya masika yote, anaujua mpango, mwili umejaa. Makosa ya mpangilio yapungue sana. Akirudia makosa yale yale, ya macho hasa, chini ya kocha yule yule, hapo una haki ya kuwa na wasiwasi. Angalia pia kama makocha wanambadilishia kazi: kumfuata mpokeaji bora wa wapinzani popote aendapo, au kuhamia ndani, ambako mpokeaji anaweza kukata kulia au kushoto. Kuongezewa kazi ni hati ya kocha yenye sahihi.

*Mwaka wa tatu na kuendelea.* Sasa tazama akili. Je, anaitambua njia ya mpokeaji kabla haijakatwa? Je, anawaelekeza wenzake kwa mikono kabla ya mpira kuanza? Miguu ikibaki ile ile huku akifika mapema zaidi, amejifunza kusoma mchezo.

Takwimu: zipi, na kwa tahadhari gani

Takwimu rasmi za vyuo zinakupa pasi alizonasa, alizopangua na watu aliowaangusha. Hazikwambii ni mara ngapi alirushiwa. Namba hizo za kurushiwa hutoka kwa kampuni zinazotazama video na kukadiria nani alikuwa na jukumu la nani, nazo hazijui kocha aliagiza nini. Zitumie, lakini usiziapie.

Chukua mfano wa kubuni. Konabeki wa kwanza amerushiwa pasi 60, zikafika 33. Wa pili amerushiwa 25, zikafika 15. Kwa asilimia, wa kwanza ni 55 na wa pili ni 60, na utasikia watu wakisema wa kwanza ni bora. Lakini kama wote walikaba katika mashambulizi 400, mmoja ameachia pasi 33 na mwenzake 15. Kwotabeki walimwogopa wa pili. Kwa hiyo gawanya yadi alizoachia kwa idadi ya mashambulizi *aliyokaba*, usigawanye kwa pasi alizorushiwa.

Jambo hili lina kisa chake halisi. Cincinnati mwaka 2021 walikuwa na makonabeki wawili, Ahmad Gardner anayejulikana kama Sauce, na Coby Bryant. Gardner hakuachia tachidauni hata moja katika maisha yake yote ya chuo. Wapinzani wakawa wanakwenda kwa Bryant, naye akasimama imara, na mwaka huo akatwaa Tuzo ya Jim Thorpe, ambayo hupewa beki bora wa nyuma nchini. Uteuzi wa NFL wa 2022 ulipofika, Gardner akachukuliwa wa 4. Bryant akasubiri hadi raundi ya 4. Sisemi Bryant hakustahili tuzo. Alistahili kabisa. Nasema ukimtathmini konabeki, muulize kwanza aliye upande wa pili wa uwanja ni nani.

Makosa tunayoyarudia

- Kuabudu kasi. Kalon Barnes wa Baylor alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.23 kwenye majaribio ya NFL ya 2022, kasi ya kutisha. Akachaguliwa raundi ya 7, wa 242. Kasi humsaidia aliyekosea kurudi, haimfundishi kutokosea.
- Kuhukumu kwa mechi moja kubwa. Quinyon Mitchell wa Toledo alinasa pasi 4 katika mechi moja dhidi ya Northern Illinois mwaka 2022. Katika msimu wake wa kwanza wa kawaida na Philadelphia Eagles hakunasa hata moja, na hata hivyo alikuwa nguzo ya timu iliyotwaa Super Bowl. Aliyemngoja kwa pasi zilizonaswa alikosa kuona kazi nzuri mwaka mzima.
- Kusahau wapinzani. Septemba vyuo vikubwa hualika timu dhaifu. Alama za G za mwezi huo zipunguzie thamani.
- Kupuuza majeraha. Konabeki anayecheza na paja linalouma hawezi kugeuka, na timu haitangazi kila kitu. Miguu ikibadilika ghafla katikati ya msimu, fikiria mwili kabla ya kipaji.
- Kuamini nyota alizopewa sekondari. Gardner aliingia Cincinnati na nyota tatu kati ya tano.

"Lakini..."

*"Travis Hunter alikuwa tayari tangu mwanzo."* Ndiyo, na alicheza konabeki na mpokeaji kwa pamoja huko Colorado, akatwaa Tuzo ya Heisman ya 2024, ya mchezaji bora wa vyuo. Kabla yake, mtu wa ulinzi aliyeipata alikuwa Charles Woodson wa Michigan, mwaka 1997. Ukimpima kijana wako kwa mizani ya watu wawili katika zaidi ya robo karne, hakuna atakayefaulu.

*"Ana miaka 21 na bado anajifunza. Amechelewa."* Richard Sherman aliingia Stanford kama mpokeaji, akahamishiwa ulinzi miaka yake ikiwa inayoyoma. Seattle walimchukua wa 154 mwaka 2011. Mwaka 2013 aliongoza NFL kwa pasi zilizonaswa, 8. Kwa waliobadilishiwa nafasi, saa inaanza kuhesabu siku waliyohama.

*"Ni mfupi."* Hili lina ukweli wake. Mfupi ataonewa kwenye pasi za juu karibu na goli, na hakuna mazoezi yatakayomrefusha. Lakini mfupi mwenye miguu myepesi anaweza kuwa na kazi nzuri akicheza ndani. Swali liwe yuko nafasi inayomfaa au la.

Kwa wazazi

Najua wengi wenu mmekulia kwenye soka na mnaona haya kumuuliza kocha. Msione haya. Mkutane na kocha wa mabeki wa nyuma, msiishie kwa kocha mkuu ambaye kazi yake kubwa siku ya ugeni ni kutabasamu. Muulizeni:

- Umekuwa hapa tangu lini, na aliyekutangulia alikaa muda gani?
- Walio mbele ya mwanangu wamebakiza miaka mingapi?
- Mazoezini anamkaba nani? Wapokeaji wa kikosi cha kwanza, au wa akiba?
- Ni jambo gani moja unalotaka alibadilishe kufikia masika?

Swali la mwisho ndilo la thamani. Kocha anayemfundisha kweli atajibu papo hapo, kwa jambo dogo na mahususi: kiuno kiko juu, mkono wa kushoto unachelewa. Akijibu "aendelee kujituma", hamjapata jibu.

Msibabaike akikaa benchi mwaka wa kwanza. Kanuni ya mwaka 2018 ilimruhusu mchezaji kucheza hadi mechi 4 katika msimu bila kupoteza mwaka huo wa haki yake ya kucheza. Kocha akimpeleka kwenye mechi chache za Novemba kisha akamrudisha, mara nyingi anamhifadhia mwaka. Kanuni hizi na zile za uhamisho zimekuwa zikibadilika kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo mwulizeni afisa wa kanuni wa chuo chenyewe, na majibu yake yawe kwa maandishi.

Kuhusu kuhama: tangu mfumo wa uhamisho uanzishwe mwaka 2018, na tangu Julai 2021 wachezaji waruhusiwe kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, simu za kushawishi ni nyingi. Kuhama kwa sababu kocha wake ameondoka, au kwa sababu mbele yake wapo watu wawili wa umri wake walio bora, ni jambo la kufikiria. Kuhama Oktoba ya kwanza kwa sababu ya tachidauni mbili ni kumpeleka kijana kuanza lugha mpya, mpango mpya na kocha mpya, wakati tatizo lake ni macho, na macho atahama nayo.

NFL haimpokei mchezaji kabla ya kutimia miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari. Muda huo hakuna anayeweza kumpunguzia, basi msimpunguzie nyinyi.